Ndege Aliyezidi Rangi

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, ila ukiuliza njia ya kwenda huko utaambiwa umeshafika. Nchi hiyo ilikuwa na ndege wa taifa aitwaye kipwiti. Kipwiti alichorwa kwenye noti, kwenye stempu, kwenye kofia za majenerali na kwenye sahani za ikulu, hivi kwamba kila mkubwa alipomaliza wali wake alimkuta ndege wa taifa chini kabisa, ametapakaa mchuzi.

Lakini katika mji mkuu wote usingempata mtu aliyewahi kumwona akiwa hai. Kipwiti si ndege wa angani. Huishi chini, kwenye majani makavu ya msitu wa mvua, akirukaruka kwa miguu yake mirefu, akipindua jani baada ya jani kutafuta konokono. Akimpata humgongesha kwenye jiwe mpaka gamba lipasuke. Na wakubwa wa nchi ile walikuwa na maradhi ya shingo. Zilikataa kuinama.

Sikitu Lumambo alikuwa amemwona. Alizaliwa Limbwe, kijiji kilichoegemea msitu wa jina hilohilo, na utotoni, akienda kuchota maji kijitoni, alimsikia kipwiti akigonga konokono wake, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, Afisa Mpimaji Daraja la Tatu katika Idara ya Ndege wa Taifa. Idara ilikuwa na watumishi mia mbili na kumi, na Sikitu peke yake ndiye aliyeweza kumtofautisha kipwiti na kuku wa kienyeji. Kwa sababu hiyo hakupandishwa cheo.

Tatizo la nchi lilianza pale bungeni walipogundua kwamba kipwiti hafanani kila mahali. Wa kaskazini ana kichwa cheusi tii na unyusi mweupe. Wa kusini ana kichwa cha kahawia. Wa visiwani ana mkanda wa buluu kifuani. Na wa Limbwe hana unyusi wala mkanda, ila begani ana doa la feruzi linalong'aa hata pale chini pasipofika jua. Wote wana mgongo wa kijani na tumbo jekundu kama pilipili iliyoiva, wote hula konokono, wote hulia sauti moja. Mtu mwenye akili zake angesema hao ni ndugu. Bunge halikusema hivyo.

Mheshimiwa wa kaskazini alisimama akasema kipwiti wa kweli ni mwenye kichwa cheusi, na huyo wa kahawia ni mkimbizi. Mheshimiwa wa kusini akamjibu kwamba weusi wa kichwa kile ni masizi ya jikoni kwa mama yake. Mheshimiwa wa visiwani akavua kiatu. Walipotolewa waliojeruhiwa, ilipitishwa Sheria ya Ndege Mmoja, nayo ilikuwa fupi. Kipwiti halali ni yule anayelingana na Sampuli Mama iliyoko wizarani. Msitu wenye kipwiti halali utalindwa. Msitu usio naye, au utakaokutwa na ndege mwenye rangi zisizo halali, si msitu bali ni pori lisilo na sababu, nalo atapewa mwekezaji.

Mwekezaji alikuwa shemeji yake Waziri. Alikuwa na kiwanda cha mbao.

*

Sampuli Mama ilikuwa kipwiti mmoja aliyekaushwa na kujazwa pamba miaka arobaini na mmoja iliyopita, akawekwa ndani ya sanduku la kioo kwenye dirisha la wizara linalotazama magharibi. Jua la mchana lilimlamba kila siku ya Mungu. Ndege aliyekuwa na rangi tisa akabaki na rangi moja, ile ya maji yaliyooshea sufuria. Nondo walimla jicho la kushoto, na mahali pake pakashonwa kifungo cha shati. Mhudumu wa sanduku, Mzee Dodoki, alilifuta kila asubuhi kwa kitambaa kilekile alichofutia vikombe vya chai na, siku za mafua, pua yake.

Kutokana na ndege huyo mchoraji wa serikali alitengeneza Chati ya Rangi Halali. Ilikuwa na rangi tano: Kijivu cha Kwanza, Kijivu cha Pili, Kijivu cha Heshima, Chai Iliyochuja, na Jivu la Jana.

Kwa chati hiyo walizunguka nchi. Aliyeongoza msafara alikuwa Mkurugenzi wa Idara, Dakta Ngwalanje, mtu mwenye shahada tatu na jasho la mtu mwenye nne. Alikula njia nzima. Gari likisimama msituni, wanakijiji humletea kipwiti ndani ya tenga la kuku, naye humshika kwa mkono uliotoka kwenye paja la kuku wa kukaanga, mafuta yakichuruzika mpaka kwenye manyoya, akamfunua mbawa kama anayekagua mtumba sokoni.

"Tumbo hili nani kaliruhusu kuwa jekundu?" aliuliza kaskazini.

"Ndivyo alivyo, mzee," wakajibu wenyeji.

"Ndivyo alivyo! Nchi hii itaharibiwa na watu wa ndivyo-alivyo. Afisa, andika: amezidi rangi."

Sikitu akaandika. Kusini akaandika vilevile. Visiwani pia. Ndege waliopimwa waliwekwa ndani ya mfuko wa saruji chini ya kiti chake kama vielelezo, na siku ya tatu mfuko ukaanza kutoa maji. Dakta akafungua dirisha, akaendelea na muwa. Sikitu alikaa juu ya harufu ile wiki mbili, magoti ameyabana, na kila alipofumba macho aliona ile miguu mirefu imekakamaa, imenyooka kama ya mtu anayetaka kuuliza swali.

Misitu saba ilipimwa. Kila uliopimwa Jumatatu, Ijumaa ulikuwa mbao. Wa nane kwenye orodha ulikuwa Limbwe.

*

Hapo Sikitu aliona bora aseme. Alikwenda kwenye sanduku la kioo wakati Mzee Dodoki amekwenda kuswali, akafungua kifuniko, na kwa ncha ya kalamu akainua bawa la Sampuli Mama. Chini ya bawa, mahali ambapo jua halikuwahi kuingia, palikuwa pamejaa rangi. Kijani kibichi. Wekundu wa pilipili. Na begani, palipofunikwa na manyoya ya shingo yaliyolala, doa la feruzi linalong'aa. Ndege wa mfano, ndege wa sheria, alikuwa wa Limbwe.

Alikimbia kumwita Mkurugenzi. Mkurugenzi akamwita Waziri, Mheshimiwa Mturuki, ambaye alikuja na mlinzi, msaidizi wa mlinzi, na mtu wa kubeba kiti.

"Tazama, Mheshimiwa," Sikitu alisema, akiinua bawa. "Hakuwa kijivu. Amepauka tu kwa jua. Wale tuliowakataa ndio wenyewe."

Waziri alitazama kwa muda mrefu. Uso wake ukavimba.

"Miaka arobaini na mmoja," alisema polepole, "kiumbe huyu anakaa katika wizara yangu, anatunzwa, anafutwa vumbi, kumbe kwapani ameficha mambo!"

"Amezaliwa nayo, Mheshimiwa."

"Wewe dada, mimi pia nilizaliwa na mambo mengi. Umeyaona?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi. Huo ndio uzalendo." Akamgeukia Mkurugenzi. "Dakta, unashauri nini kitaalamu?"

Dakta Ngwalanje alifikiri, akijichokoa meno kwa kona ya Chati ya Rangi Halali. "Kitaalamu, Mheshimiwa, gundi."

Ikaletwa gundi ya mbao, kutoka kiwanda cha shemeji. Bawa likabandikwa palepale, na Mzee Dodoki akaamriwa alikandamize kwa kidole gumba mpaka likauke. Alisimama hivyo saa nzima, akipiga miayo.

"Na Limbwe?" Sikitu aliuliza.

"Limbwe ni Alhamisi ijayo," alisema Mkurugenzi. "Nimesikia huko kuna samaki wa kijitoni. Waambie wenyeji wawakaushe mapema."

*

Ijumaa mchana, watu wamesinzia baada ya pilau, Sikitu alimtoa Sampuli Mama kwenye sanduku, akamtia ndani ya mfuko wa mkate, akashuka ngazi. Alikuwa ameisoma sheria mpaka mwisho: bila Sampuli Mama hakuna kupima. Bila kupima hakuna kukata.

Getini askari alimsimamisha, akachungulia mfukoni.

"Nini hiki, afande?" Maana askari wa huko humwita kila mtu afande, ili asikosee.

"Kitambaa cha kufutia vumbi."

"Loo, kimechoka," alisema askari kwa huruma. "Waambieni wawanunulie kingine."

Jumamosi alikuwa Limbwe kwa shangazi yake, Mbonea, mwanamke mfupi mwenye kauli ndefu, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Shangazi Mbonea alimtoa ndege kwenye mfuko, akamgeuza juu chini, akagusa kifungo cha shati.

"Hiki?" aliuliza. "Hiki ndicho kilichokula misitu saba?"

"Ndicho, shangazi."

"Hakina hata utumbo."

"Hakina."

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukiandika."

Sikitu aliinamisha kichwa. "Mimi ni sahihi ya tatu tu, shangazi. Kuna ya Mkurugenzi, kuna ya dereva, ndipo yangu."

"Sahihi ya tatu! Mtu akipigwa na watatu, yule wa tatu anapiga kwa pamba?" Shangazi akasonya msonyo uliowaamsha mbuzi. Kisha akasimama, akamshika Sampuli Mama mguu kwa vidole viwili kama anavyoshikwa panya aliyekufa ndani ya unga, akatoka naye mpaka chooni. Sikitu alisikia kishindo kidogo. Shangazi akarudi anajipangusa mikono.

"Haya. Sasa wakapime mavi."

Usiku huo Sikitu alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

*

Jumatatu alirudi kazini. Sanduku lilikuwa tupu, wazi kabisa, na hakuna aliyesema neno. Mzee Dodoki alilifuta kama kawaida. Jumanne alilifuta tena. Watumishi mia mbili na tisa walipita mbele yake kwenda kunywa chai, na mmoja alisimama akajitazama kwenye kioo, akarekebisha tai.

Jumatano Waziri alikuja na waandishi wa habari, kuwaonyesha Sampuli Mama kabla ya safari ya Limbwe. Alisimama mbele ya sanduku. Dakta Ngwalanje akasimama nyuma yake, mdomo umejaa karanga. Sikitu alishika ukingo wa meza. Sasa, alijiambia. Sasa watalazimika kukiri kwamba hawana kitu.

Waziri akatoa leso, akajifuta macho.

"Ndugu wananchi," alisema. "Mnaona?"

Waandishi wakatazama sanduku, wakamtazama Waziri, wakaandika kwamba wanaona.

"Kwa miaka arobaini na mmoja ndege wetu amekuwa akijivua. Alijivua wekundu, ambao ni hasira. Alijivua ukijani, ambao ni ushamba. Alijivua ubuluu, ambao ni ubaguzi wa visiwani. Leo hii, chini ya uongozi wetu, amekamilika. Je, ana kichwa cheusi?"

"Hana!" wakajibu watumishi.

"Ana kichwa cha kahawia?"

"Hana!"

"Ana mkanda? Ana doa? Ana mkoa?"

"Hana! Hana! Hana!"

"Basi huyu ni wa wote!" Waziri alipaza sauti, mate yakakidondokea kioo, na Mzee Dodoki akayafuta upesi. Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa wa kaskazini akamkumbatia Mheshimiwa wa kusini. Mheshimiwa wa visiwani, kwa furaha, akavua kiatu akakivaa tena.

Sikitu alikwenda msalani akatapika. Alipomaliza kutapika, akiwa bado ameinama, wazo likamjia, na halikuwa na harufu nzuri kuliko kile kilichotoka. Alitoa simu.

"Shangazi. Kesho leteni tenga tupu."

"Tupu vipi?"

"Tupu kabisa. Hata unyoya usibaki. Na mtoto yeyote asicheke. Halafu, shangazi, fukuzeni vipwiti wote pembeni mwa uwanja. Akionekana hata mmoja mwenye rangi, tumekwisha."

"Kumdanganya mpumbavu si dhambi," alisema shangazi. "Lakini mwanangu, kuwa mwangalifu mdomo usije ukazoea."

*

Alhamisi matingatinga sita ya shemeji yalikuwa yamekwisha kupangwa barabarani, injini zinanguruma, watu wa misumeno wamekaa juu ya magogo ya msitu wa saba wanavuta sigara. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Shangazi Mbonea akaweka tenga juu ya meza.

Dakta Ngwalanje alichungulia. Akaingiza mkono, akapapasa hewa, akaufunua ule utupu mbawa. Akaweka rula. Jasho likamdondoka kwenye tenga.

"Urefu, wa kuridhisha," alisema. "Rangi..." Akainua chati mpya, kipande cha kioo safi, akakiweka mbele ya tenga na kuchungulia kupitia hapo. "Rangi, hakuna. Hakuna hata moja! Afisa, miaka yote hii kazini sijaona ndege bora kama huyu. Mama, mnamlisha nini?"

"Hali kitu," alisema shangazi Mbonea, uso mkavu.

"Inaonekana. Inaonekana kabisa. Raia wa mfano."

Watu wa Limbwe waliuma midomo. Mzee mmoja alijifanya anakohoa. Mkurugenzi akaweka sahihi. Dereva akaweka yake. Karatasi ikasukumwa kwa Sikitu, na Sikitu akachukua kalamu.

Ko, ko, ko.

Sauti ilitoka chini ya meza. Hakuna aliyemwona akiingia. Alikuwa kipwiti mchanga, pengine wa mwaka uleule, mgongo wa kijani, tumbo jekundu, doa la feruzi begani likiwaka kama kiberiti. Alikuwa amepata konokono, na kati ya viumbe wote uwanjani pale yeye peke yake alikuwa na kazi ya maana. Alikuwa akimgongesha kwenye jiwe, kando ya kiatu cha Mkurugenzi.

Injini za matingatinga zilinguruma. Dakta Ngwalanje akainamisha kichwa kadiri shingo ilivyoruhusu.

"Afisa," alisema, "huyu ni ndege gani?"

Kijiji kizima kilimtazama Sikitu. Nyuma yao msitu ulisimama mpaka upeo wa macho, na maji yake, na makaburi ya babu zake, na vipwiti wote waliobaki katika nchi ile.

"Afisa? Kama ni kipwiti wa rangi, sheria iko wazi. Unamjua?"

"Simjui," alisema Sikitu.

"Mzamiaji tu?"

"Simjui, Dakta."

"Nilidhani hivyo." Dakta akainua kiatu chake kikubwa, akakishusha taratibu, bila chuki, kama mtu anayezima sigara. Kilisikika kitu kidogo kikipasuka, gamba au mfupa, kisha kiatu kikazungushwa mara mbili mchangani. Akainua kiatu, akakipangusa kwenye nyasi, akauliza samaki wako wapi.

Sikitu akasaini.

Msitu wa Limbwe ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa milele. Matingatinga yakageuzwa yakaondoka, moshi wake ukawaingia watu puani. Msaidizi wa Mkurugenzi aliwaamuru wanawake wapige vigelegele, wakapiga.

Shangazi Mbonea hakupiga. Alipiga goti chini ya meza, akakusanya alichoweza kukikusanya, kijani kidogo, wekundu mwingi, akakifunga kwenye pindo la khanga yake. Sikitu alisogea, akainama kumsaidia.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini. "Msitu umebaki. Ningefanyaje, shangazi? Umebaki wote."

Shangazi Mbonea alifunga fundo, akalikaza kwa meno. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akamtazama kwa heshima zote kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeletwa na gari la serikali.

"Umebaki, mama afisa, tunashukuru sana," alisema. "Samahani kwa kukuuliza. Kwenu ni wapi?"